Ukurasa Mmoja Uliofunga Visima vya Kabondo

Kisima cha kwanza nilichopima kwa ajili ya utafiti wangu kilikuwa kile ambacho nilikunywa maji yake tangu utotoni. Kilikuwa Kabondo, katika kiwanja cha jirani yetu, nyuma ya jiko lake, kimezungushiwa matofali mekundu aliyoyapanga marehemu mume wake. Mimi nilimwita mama mukubwa ingawa hatukuwa ndugu wa damu. Alitoka Maniema kama wazazi wangu, na kwa watu waliohamia Kisangani kutoka upande ule, hilo lilitosha. Alikuwa anapika lituma, ndizi za kuchemsha zilizotwangwa hadi zikashikana, na kuziuza asubuhi kwa wanafunzi na kwa vijana wa toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli. Barabara yetu nzima ilichota kwake. Sikumbuki siku aliyomrudisha mtu na bidoni yake ya maji ikiwa tupu.

Alikuwa na binti mmoja, rika langu. Tulikuwa tunachota pamoja kabla ya shule, tukipokezana kamba, na nguo zetu za shule zikilowa kifuani. Baadaye yeye akawa mwalimu wa shule ya msingi palepale Kabondo, mimi nikabaki chuo kikuu kama msaidizi wa profesa, katika idara ya mazingira. Tuliendelea kuonana karibu kila siku. Alinicheka kwa sababu nilisoma miaka mingi kuliko yeye na bado nilikuwa naishi kwa papa, baba yangu.

Utafiti wenyewe ulikuwa rahisi kueleza. Katika kata zetu viwanja ni vidogo na watu ni wengi. Kila familia ina choo cha shimo, na karibu kila familia inakunywa maji ya kisima, kwake au kwa jirani. Mabomba ya mji hayafiki, au yanafika makavu. Mvua ikinyesha sana, maji ya chini ya ardhi yanapanda, na hapo choo na kisima vinakutana. Profesa wangu alitaka tujue vinakutana kiasi gani, wapi, na wakati gani wa mwaka.

Mwanzoni watu walikataa. Waliona koti langu jeupe na chupa zangu, wakadhani serikali inatafuta sababu ya kuwanyang'anya viwanja. Binti wa mama mukubwa ndiye aliyenifungulia milango. Kila Jumamosi tulipita naye nyumba kwa nyumba. Wazazi walimjua kwa sababu aliwafundisha watoto wao kusoma. "Huyu ni ndugu yangu," alikuwa anawaambia. "Anataka maji tu. Hachukue kitu ingine." Nao walitupa kamba, tukachota, tukafunga chupa na kuiweka ndani ya sanduku lenye barafu tuliyopewa na wauza samaki.

Kazi ya maabara ilikuwa ya kukatisha tamaa. Umeme ulikatika, joto la kabati ya kuoteshea vijidudu likashuka, na chupa za wiki nzima zikawa hazina maana. Tulianza upya. Tulipima wakati wa mvua, tukapima wakati wa ukame, tukarudi tena. Asubuhi moja nilifungua kabati na kutoa kisahani chenye namba ya kisima cha mama mukubwa. Kilikuwa kimejaa madoa madogo, yamesongamana hata huwezi kuyahesabu. Nilijua madoa yale ni ya nini. Yanatoka kwenye kinyesi, hayana asili nyingine.

Nilimwambia siku ileile. Alikuwa anatwanga.

"Batoto ya barabara yote ilikunywa maji hii," alisema, bila kuuacha mchi. "Na weye pia. Ulikufa?"

"Hapana, mama mukubwa. Lakini inaweza kuleta ugonjwa. Ni vizuri kuchemsha."

"Kuchemsha na makala gani?"

Niliutazama mfuko wake wa makaa, ulikuwa umebaki vumbi tu. Binti yake, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi akisahihisha madaftari, aliinua uso. "Mama, njo sababu anafanya hii kazi," alisema. "Wakubwa wakisoma, watatuletea bomba."

Aliamini hivyo kweli. Mimi pia.

Ripoti tuliyoandika ilikuwa nene, yenye ramani na majedwali. Sehemu ya mwisho, ile ya mapendekezo, tulibishana juu yake kwa siku nyingi, profesa na mimi, na tulikubaliana juu ya mpangilio. Kwanza maji mengine yaletwe: mabomba ya pamoja kwenye pembe za barabara, yanayotoa maji kila siku. Wakati hayo yanajengwa, visima vitiwe klorini. Halafu, pale tu ambapo bomba limeanza kutiririka, visima vibaya zaidi vifungwe, kimoja kimoja. Tuliandika wazi kwamba hatua hizo zifuatane hivyo.

Tuliipeleka ofisi ya jimbo inayoshughulikia mambo hayo. Ripoti zetu za zamani zilikwenda huko na kulala kabatini. Safari hii, baada ya wiki chache, nilipigiwa simu na mshauri wa waziri. Alikuwa mtu mpole, nadhifu, aliyesoma chuo kikuu hichohicho miaka michache kabla yangu. Alinikaribisha kiti, akaniuliza habari za walimu wa zamani. Ripoti yetu ilikuwa juu ya meza yake, na niliona ameweka vipande vya karatasi kati ya kurasa. Ameisoma, nilijisemea. 

"Madame, kazi hii ni ya maana sana," alisema. "Lakini waziri hana muda wa kusoma yote hii. Utuletee ukurasa mumoja. Mumoja tu. Na useme wazi, bila kuzunguka."

Profesa alifurahi kuliko mimi. Katika miaka yote ya kazi yake hakuna aliyewahi kumwomba ukurasa mmoja. Alinipa chumba chake nikae niandike.

Nimeufikiria mchana ule mara nyingi kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu. Nilianza kuandika kama tulivyokubaliana: mabomba kwanza. Nikasoma. Ilionekana kama barua nyingine ya kuomba msaada, zile ambazo kila ofisi inazo rundo zima. Nikafuta. Nikaandika sentensi nyingine juu kabisa: "Visima vya Kabondo ni hatari kwa maisha ya watu na vinapaswa kufungwa." Hiyo ilikuwa na nguvu. Chini yake nikaweka maelezo ya vijidudu na vyoo. Mabomba yakashuka hadi mstari wa mwisho, pamoja na klorini, kama hatua za kusindikiza. Hakuna aliyenishika mkono. Nilitaka nisomwe, na nilijua ni sentensi gani ingesomwa.

Profesa alipitisha macho. "C'est fort," alisema, ina nguvu. Akatia sahihi chini ya sahihi yangu.

Amri ya waziri ilisomwa redioni asubuhi, nikiwa nakunywa chai na papa. Papa alikuwa amefanya kazi ya reli hadi akastaafu, na redio alikuwa anaisikiliza kama mtu aliye ofisini, amekaa wima. Msomaji alisema kwamba, kufuatana na utafiti wa chuo kikuu, visima visivyo salama vya kata zetu vitafungwa kwa ajili ya afya ya wananchi. Papa alinyoosha mkono akaongeza sauti. Halafu akatoka nje na kumwita jirani wa ng'ambo. "Ni kazi ya mutoto wangu," nilimsikia akisema. "Wamemusikiliza."

Mimi nilibaki mezani nikisubiri msomaji aseme habari ya mabomba. Alihamia habari nyingine.

Lori lilikuja wiki iliyofuata. Nilikuwa chuo. Binti wa mama mukubwa alinipigia simu, na nyuma ya sauti yake nilisikia watu wakipiga kelele. "Banamwaga sable ndani ya kisima," alisema. "Kuja. Kuja sasa."

Nilichukua pikipiki. Nilipofika, wafanyakazi walikuwa wamekwisha kubomoa matofali na walikuwa wanasukuma mchanga kwa koleo. Askari polisi wawili walisimama kando. Mama mukubwa alikuwa ameketi chini karibu na jiko lake, miguu ameinyoosha. Majirani walizunguka na bidoni zao.

Nilimfuata mtu aliyeongoza kazi, mwenye jalada mkononi. Nilimwambia kwamba hawawezi kufunga kabla ya bomba kuja, kwamba ripoti inasema hivyo.

"Ripoti gani?"

"Ripoti ya chuo kikuu. Mimi ndiye niliyeandika."

Alifungua jalada lake akanionyesha karatasi. Ilikuwa ukurasa wangu, sahihi yangu na ya profesa, na ile sentensi ya kwanza imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

"Madame, si ni nyinyi mulisema?" aliniuliza. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anashangaa kweli.

Watu walikuwa wanatutazama. Binti wa mama mukubwa alichungulia ile karatasi juu ya bega langu, akaisoma. Alikuwa mwalimu, alisoma haraka. Alienda kukaa karibu na mama yake.

Kesho yake nilikuwa mlangoni kwa mshauri kabla ofisi haijafunguliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema mabomba yamo ndani ya mradi, na wafadhili wanazungumza.

"Lini?" nikauliza.

"Itakuja, madame. Serikali haifanye kila kitu siku moja. Tumeanza na kile tunaweza."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kufunga kisima kulihitaji lori, mchanga na askari wawili. Vyote vilikuwepo. Mabomba yalihitaji vitu ambavyo havikuwepo.

Niliandika barua, profesa akaitia sahihi. Hakuna jibu. Nilitaka kwenda redioni kusema hadharani kwamba amri imegeuza utafiti wetu. Profesa aliniomba ningoje. Alisema mlango umefunguka kwa mara ya kwanza, na tukipiga kelele utafungwa, na utafiti mwingine wote uliobaki hautasomwa. Nilikuwa naandika tasnifu yangu chini yake. Nilingoja. Sitasema kwamba alinilazimisha.

Watu wa barabara yetu wakaanza kuchota kwenye kijito cha bondeni. Njia ya kushuka ni ya matope, na juu ya kijito kuna bustani za mboga, na juu ya bustani kuna nyumba, na kila nyumba ina choo chake. Nilipima maji yale pia. Yalikuwa mabaya kuliko ya kisima chochote nilichopata kupima. Nilipita nyumba kwa nyumba na chupa za klorini nilizotoa maabara, nikawaonyesha watu namna ya kutia matone. Hazikutosha hata mwezi. Binti wa mama mukubwa alinisaidia kugawa, kama zamani, lakini tulizungumza kidogo. Mara moja tu, tukiwa tunapanda toka bondeni, aliniuliza, "Kwa nini haukuanza na bomba?"

Nilimwambia ukweli. Nilisema nilitaka waisome.

Alitembea hatua kadhaa. "Bon," alisema. "Waliisoma."

Mvua kubwa zilipokuja, kijito kilifurika kikawa chekundu. Siku chache baadaye watu wakaanza kuugua upande wa chini wa kata. Mwanzoni walisema ni tumbo. Halafu neno kolera likaanza kutajwa sokoni, kwa sauti ya chini.

Binti wa mama mukubwa alianza kuugua alfajiri. Nilipata habari karibu na saa sita mchana, kwa sababu mama mukubwa hakutaka kunisumbua kazini. Walimpeleka kituo cha afya kwa baiskeli ya toleka, amefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa dereva ili asianguke, mama yake akikimbia kando na kumshika mguu. Nilipofika alikuwa amelazwa chini kwenye mkeka, kwa sababu vitanda vilikuwa vimejaa. Macho yake yalikuwa yamezama. Ngozi ya mikono yake, ukiishika, ilibaki imesimama. Muuguzi alikuwa na chupa ya mwisho ya serumu, maji ya kutundikwa mshipani, na watu watatu wa kuwapa. Alipotafuta mshipa wa rafiki yangu hakuupata.

Alinitambua. Aliomba maji. Nilimpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, moja baada ya nyingine, na yote yalirudi. Mama mukubwa alikuwa anampangusa na kunishukuru. Kila kijiko alinishukuru. Alifariki kabla ya saa tisa.

Hawakuturuhusu kumrudisha nyumbani. Watu wenye mabuti na pampu mgongoni walimnyunyizia dawa na kumfunga ndani ya plastiki. Mama mukubwa aliwaomba amwoshe binti yake, kama dini yetu inavyotaka. Walikataa. Aliomba basi amwoshe uso tu. Walikataa tena, kwa heshima, na mmoja wao alikuwa analia. Alizikwa siku hiyohiyo, sisi tukisimama mbali.

Siku za matanga nilikaa na wanawake wengine chini ya turubai. Nilipika, niliosha sahani. Hakuna aliyenilaumu. Watoto wa darasa lake walikuja wakiwa wamevaa sare, wakasimama mstari, hawakujua wafanye nini na mikono yao. Siku ya mwisho, watu walipokuwa wanatawanyika, mama mukubwa aliniita ndani.

"Ile karatasi," alisema. "Ile ya sable. Ni weye uliandika?"

"Ni mimi, mama mukubwa."

"Uliandika bafunge?"

"Niliandika."

Alinitazama. Nilikuwa nangoja anipige. Afadhali angenipiga. "Maji yangu ilikuwa mubaya kweli?" aliuliza.

"Ilikuwa mbaya."

Aliitikia kwa kichwa. Akachukua ufagio, akaanza kufagia chumba, nami nikatoka.

Mvua zilipopungua, wanaume wa barabara yetu walizibua visima kwa mikono yao wenyewe. Hakuna askari aliyekuja kuwazuia. Amri haikufutwa, ila hakuna aliyeitaja tena. Waliponiita kupima, nilipima, na madoa yalikuwepo kama kwanza. Niliwaambia. Walinishukuru na kuendelea kuchota, maana bondeni hawakutaka kurudi.

Mwaka uliofuata mshauri alinialika kwenye mkutano wa siku moja, katika ukumbi wenye viyoyozi, juu ya namna utafiti wa chuo kikuu unavyoongoza maamuzi ya jimbo. Kabondo ilikuwa kwenye programu kama mfano. Profesa alinishauri nieleze kazi ya maabara na kuishia hapo. Nilieleza kazi ya maabara. Halafu nikaweka ukurasa wangu kwenye ukuta, kwa projekta, watu wote wausome. Nikasema mambo yaliyofuata: lori, kijito, mvua, kituo cha afya. Nilisema kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu, kwa sababu mimi ndiye niliyegeuza mpangilio, na kosa la pili lilikuwa la kila mtu aliyekuwa na ripoti nzima mezani. Nilimaliza.

Mwenyekiti alinishukuru kwa ushuhuda wenye hisia na kutangaza mapumziko ya kahawa. Mshauri alinijia na kunishika mkono. "Ulisema vizuri," alisema. "Na mimi nilikuwa na vipande vya karatasi kwenye kurasa zile." Miezi kadhaa baadaye bomba moja la pamoja lilijengwa karibu na shule aliyofundisha rafiki yangu. Linatoa maji siku nyingine, siku nyingine halitoi. Sijui kama ni kwa sababu ya maneno yangu, na sikuuliza.

Wakati huo mama mukubwa alikuwa amekwisha kuondoka. Aliuacha mji akaenda Isangi kwa boti, kwa mdogo wake anayeuza samaki. Hakuniaga. Papa ndiye aliyemsindikiza mpaka mtoni.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Kazi ilinipeleka Isangi kuchukua maji ya mto, na nilimuuliza mwanamke mmoja gatini, akanionyesha nyumba. Mama mukubwa alikuwa amekonda, lakini alinipokea, akanitolea kiti nje. Aliuliza habari za papa, akauliza na goti lake linalomuuma. Kisha akaingia ndani akatoka na kikombe cha maji, akanipa kwa mikono miwili.

Nilikishika. Sikunywa mara moja. Haikuwa muda mrefu, lakini aliona.

"Nimeichemsha," alisema.

Nikanywa yote. Alikichukua kikombe, akakikung'uta, akakaa. Tulizungumza juu ya samaki na bei ya chumvi mpaka watu wa boti wakaanza kuita. Aliponyanyuka kunisindikiza nilimwambia asijisumbue, njia naijua, naye akabaki pale kwenye kiti chake.